Safari Hupimwa Wakati wa Kurudi

Mwezi wa tano, mvua zilipokoma na kiangazi kikaanza kukausha barabara, tulisafiri siku tatu pamoja na kikundi cha vijana wa parokia yetu. Tulianzia katika makumbusho ya Lubumbashi, tukazuru kituo cha sokwe yatima, kisha tukapanda uwanda wa Kundelungu hadi maporomoko ya maji ya Lofoi. Wengi wenu mmekwisha kusikia sifa za safari hiyo, na picha zake mmeziona katika simu za wenzenu. Leo hatuandiki ili kuziongeza sifa. Twaandika juu ya kitu ambacho hakimo katika picha hata moja, ingawa kilikuwa juu ya paa la gari letu njia nzima ya kurudi: magunia manane ya makala.

Neno letu ni hili: safari ya namna hiyo hupimwa wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda kila mtu ni mwanafunzi mwema, kwa kuwa macho yanaona mambo mapya na moyo uko wazi. Kurudi ndiko kunakoonyesha kama moyo nao ulisafiri, au kama ni miguu tu iliyokwenda.

Kabla ya kuondoka palikuwa na ubishi, na yafaa tuutaje. Mzazi mmoja alisimama katika mkutano akauliza: «Kijana anafukuzwa shuleni kwa kukosa pesa ya shule, nanyi mnampeleka kutazama maji yakianguka?» Swali hilo halikuwa la kijinga, wala aliyeliuliza hakuwa adui wa vijana. Tulilijibu kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna atakayebaki nyumbani kwa sababu ya umaskini. La pili, sanduku la safari litawasaidia kwanza wenzetu walio hatarini kuacha masomo, na kinachosalia ndicho kitakachonunua mafuta ya gari. Hivyo safari ikachelewa wiki mbili, kwa maana wenzetu wawili walihitaji msaada huo. Twaona hata leo kwamba tulifanya vema. Safari inayowaacha maskini mlangoni ni matembezi ya wenye nacho, hata ikipewa jina la kikundi.

Lakini baada ya masharti hayo kutimizwa, twashikilia kwamba kwenda kutazama maji, wanyama na vitu vya kale si anasa. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwanza kwa kuona na kushika, ndipo aweze kufikiri juu ya asichokiona. Ni vijana wangapi wa mji wetu wanaoweza kutaja Niagara na Victoria, na hawajui kwamba Lofoi ni ya kwao? Kitu kisichojulikana hakina mlinzi. Siku kitakapoharibika, hakuna atakayelia, kwa kuwa hakuna aliyekijua.

Tulianza na makumbusho kwa makusudi, ili vijana waende huko bondeni wakijua ni nani waliotangulia kuishi huko. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1946, na ndani yake mna kazi za mikono za watu wa Katanga tangu zamani za kale. Vijana walisimama kwa muda mrefu mbele ya misalaba ya shaba. Mafundi wa kwetu waliyeyusha mawe ya shaba, wakaimimina shaba katika kalibu, na vipande hivyo vyenye umbo la msalaba vikatumika kama fedha katika biashara ya mbali. Vingine viliwekwa makaburini pamoja na wafu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walifanya kazi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri na mapambo ya shaba ya watu walioishi huko karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Na mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake.

Kijana mmoja akauliza kwa furaha: «Papa mwalimu, kumbe mababu waliujua msalaba kabla ya wamisionari?» Ingekuwa rahisi kumwitikia, naye angependezwa. Tulimjibu kwamba umbo hilo halikutoka katika Injili, na kwamba tusiwabatize mababu bila wao kuulizwa. Heshima yao haihitaji uongo wetu. Yatosha kwamba walijua kuitoa shaba katika jiwe, kazi ambayo wengi wetu, pamoja na vyeti vyetu, hatuiwezi. Kisha msichana mwingine akauliza swali dogo: «Moto wa kuyeyushia shaba waliutoa wapi?» Tukamjibu: katika makala. Tulipita haraka, hatukujua kwamba swali hilo lingetungoja njiani.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 ili kuwalea sokwe wachanga walionyang'anywa wafanya magendo. Sokwe mchanga hauzwi kabla mama yake hajauawa, kwa maana mama hamwachi mtoto wake hivi hivi. Nyama ya mama huliwa, na mtoto hupelekwa kwa mtu anayetaka kichezeo. Vijana walisikia pia habari ya mwezi wa tisa mwaka 2022, wakati sokwe watatu wachanga walipoibwa humo kituoni usiku, na wezi wakadai fidia kama watekaji nyara wanavyodai fidia ya watu. Wengi walitikisa vichwa kwa hasira. Tuliwaambia jambo moja: nyuma ya kila mnyama anayeuzwa yupo mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi ni mtu mwenye heshima zake, asiyeshika bunduki kamwe.

Siku ya pili tulipanda Kundelungu. Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970, ikiwa mdogo wa ile ya Upemba iliyoundwa mwaka 1939. Barabara ilitutikisa mpaka mifupa ikalalamika, lakini juu, penye kimo cha zaidi ya mita 1,600, upepo ulikuwa baridi na majani marefu yaliinama pamoja kama waamini wakati wa baraka. Vijana walikuwa wamejiandaa kuona wanyama. Wengine walileta daftari za kuandikia majina yao.

Yatupasa kusema ukweli: wanyama tuliowaona walikuwa wachache mno. Tuliona ndege, tuliona nyayo katika tope lililokauka, na mara moja tu swala wawili waliokimbia kabla hatujawaelekezea kidole. Kijana mmoja akanung'unika: «Tumelipia nini basi?» Tukaketi chini tukazungumza. Zamani uwanda huo ulikuwa na makundi makubwa ya wanyama. Ujangili, vita na njaa vimeyapunguza mwaka baada ya mwaka. Punda milia wa porini wa mwisho wa Kongo yetu wamesalia Upemba. Basi tuliwaambia vijana waandike katika daftari zao yale wasiyoyaona. Huenda hilo lilikuwa somo zuri kuliko yote tuliyoyapanga. Mtoto aliyezaliwa wanyama wakiwa wamekwisha kutoweka hudhani kwamba uwanda mtupu ndio uwanda wa kawaida. Yafaa aambiwe kwamba hapo pana pengo, ndipo ajue kwamba kuna kitu cha kurudisha.

Saa za alasiri tukafika Lofoi. Mto unakuja polepole juu ya uwanda, kama mtu asiyejua kinachomngoja, kisha ardhi inakatika ghafla na maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Mwezi wa tano maji yangali mengi. Kiangazi kinapokomaa yanabaki uzi mwembamba, na upepo huutawanya. Vijana waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi walinyamaza wenyewe, na hatukuwa na haja ya kuomba ukimya.

Hapo ndipo tulipounganisha masomo yetu. Maji ya Lofoi huingia katika mto Lufira. Lufira humwagika katika Lualaba, katika bonde la maziwa ambamo lipo ziwa Kisale, pale pale walipoishi wafinyanzi wa Sanga. Na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, unaokwenda mpaka bahari. Kwa hiyo vyungu vya makumbusho na maji yanayoanguka ni habari moja: yanayoharibika huku juu huwafikia wale wa bonde. Tena, Lufira hiyohiyo ilikuwa na maporomoko mengine, yale ya Mwadingusha. Maji yake yalizuiwa kwa ukuta, na tangu mwaka 1930 yanazungusha mitambo ya umeme iliyojengwa kwa ajili ya kazi za shaba. Maporomoko moja yameachwa yaimbe, mengine yametiwa kazini. Hatulaumu kazi hiyo, kwa kuwa nchi yahitaji umeme. Tuliuliza tu: mbona katika mitaa yetu umeme hukatika kila mara, na mama zetu wanapikia makala?

Usiku ule, kando ya moto, kila mmoja alisema atakachofanya akirudi. Tulisikia ahadi nzuri juu ya miti, juu ya wanyama, juu ya kuacha nyama ya porini katika sikukuu. Sisi tuliokuwa viongozi tulisema maneno marefu kuliko yote, na tulilala tukiwa radhi na nafsi zetu.

Siku ya tatu, katika njia ya kurudi, tukaona magunia kando ya barabara, yamesimama safu kama watu wanaongoja gari. Bei yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya mjini. Dereva akapunguza mwendo bila kuamriwa, akijua desturi ya wasafiri wote. Katika robo saa magunia manane yalikuwa yamefungwa juu ya paa. Moja lilikuwa la kwetu sisi tunaoandika maneno haya.

Gari lilipoanza kwenda, msichana yule aliyeuliza juu ya moto wa shaba alisema kwa sauti ya chini, bila dharau: «Papa mwalimu, jana usiku tulisema nini?»

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia dereva asimame, tukarudi kwa miguu hadi kwa mama aliyetuuzia. Hatukurudi kumgombeza, wala kurudisha gunia. Tulitaka kumwuliza maswali ambayo tungalimwuliza kabla ya kulipa. Alituambia kwamba mume wake na wanawe ndio wanaokata miti na kuipanga katika tanuru la udongo, na kwamba kila mwaka wanakwenda mbali zaidi kuitafuta. Wakati wa mvua yeye huuza uyoga na viwavi, lakini hivyo navyo vinapungua, kwa sababu uyoga ule huota penye mizizi ya miombo, na miombo haipo tena karibu. Tukamwuliza kama hawezi kuacha kuchoma. Akatutazama kwa utulivu, akasema: «Ninyi wa mji mkiacha kununua, nami nitaacha kuchoma. Lakini mtapikia nini?»

Wapenzi vijana, tangu siku ile tumelitafakari swali lake, na twaona kuna milango mitatu ya kulikimbia, yote mibaya.

Mlango wa kwanza ni kumlaumu yeye. Ni rahisi kusema kwamba wanavijiji wanaharibu msitu. Lakini makala yale hayakuwa ya kupikia kijijini, ambako watu hupikia kuni. Yalikuwa yetu. Msitu unaozunguka Lubumbashi umekatwa ili kulisha mbabula za mji wenye watu zaidi ya milioni mbili. Kama tulivyosema juu ya sokwe, yupo mnunuzi mwenye heshima zake, na safari hii mnunuzi alivaa rozari shingoni.

Mlango wa pili ni kusema kwamba kosa lote ni la wakubwa wa nchi, kwa kuwa umeme hautufikii. Neno hilo lina ukweli, na ni haki yenu kulisema kwa sauti, kwa adabu na bila kuchoka. Nchi yenye maji yanayoanguka namna ile haikupaswa kupikia miti yake. Lakini anayeongea hivyo huku ameketi chini ya magunia manane, amegeuza haki yake kuwa kisingizio. Twaweza kudai umeme na papo hapo kupunguza makala. Mkono mmoja haumzuii mwenzake.

Mlango wa tatu ni aibu. Baadhi ya wenzetu walisema heri tusisafiri tena, kwa maana safari imetufanya wanafiki. La hasha. Bila safari tungalinunua makala yaleyale mtaani, bila hata kuwa wanafiki, kwa kuwa hatungalijua kitu. Unafiki unaotambuliwa ni mwanzo wa akili, mradi tusiuzoee.

Basi tufanye nini? Hatuwaletei amri kubwa, twawaeleza machache yaliyo ndani ya uwezo wa kikundi.

Jifunzeni kwanza hesabu ya gunia. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo moja ya makala hula kilo tano za kuni kavu au zaidi. Kila kiganja cha makala tunachookoa nyumbani ni fungu la kuni lililobaki msituni. Mbabula iliyovikwa udongo vizuri hushika moto kwa muda mrefu, na sufuria yenye kifuniko huivisha maharagwe upesi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji moto wa nusu siku. Mambo hayo hayana utukufu, na hakuna atakayepiga picha ya kifuniko cha sufuria, lakini ndiyo yanayomjibu yule mama kwa haki.

Pili, jueni kwamba miombo si mti unaokufa kwa shoka moja. Kisiki chake huchipuka tena kikiachwa bila moto na bila jembe. Kwa hiyo kupanda miche ni vema, lakini kulinda visiki vilivyopo ni vema pia, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Kikundi chenye shamba la parokia chaweza kuchagua kipande, kukizungushia njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi kukomaa, na kukiacha kipumue. Baada ya miaka michache mtawaonyesha wadogo zenu msitu ambao hamkuupanda bali mliuruhusu.

Tatu, kila safari iwe na zoezi lake. Mwalimu anayefundisha bila zoezi amejifurahisha mwenyewe. Tangu sasa kikundi chetu kikisafiri kitaandika hesabu mbili: ya yale tuliyoyaona, na ya yale tuliyoyanunua. Hesabu hizo zitasomwa pamoja mbele ya wazazi waliochangia. Yule mzazi aliyeuliza swali gumu mwanzoni ndiye tutakayemwomba akae mbele, kwa kuwa ana haki ya kujua kama fedha zake zilinunua elimu au makala ya bei nafuu.

Na tukirudi Lofoi, tumekubaliana kwamba hakuna kitu kitakachopanda juu ya paa ambacho tungeona haya kukitaja tukiwa tumesimama mbele ya yale maji. Kwa yule mama tutasimama, tena kwa furaha. Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa nyingi, tutanunua uyoga wake na viwavi vyake, na kwa bei anayoitaka yeye, ili msitu uliosimama umpe chakula kuliko msitu ulioungua. Twajua kwamba hilo peke yake halitoshi kulisha watoto wake. Ndiyo maana hatusemi kwamba tumemaliza kulijibu swali lake.

Gunia letu lilidumu wiki tano. Siku lilipokwisha, tulikung'uta vumbi jeusi lililobaki chini, tukalikunja, tukalitundika katika chumba cha mafundisho, karibu na picha ya maporomoko. Vijana wanaoingia huuliza kwa nini gunia chafu limetundikwa hapo, nasi twawasimulia safari yetu tukianzia mwisho wake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika safari au matembezi yetu ya mwisho, tulinunua nini njiani kurudi? Kilitoka wapi, na kwa jasho la nani?

2. Karibu na parokia yetu kuna mto, msitu, mnyama au kitu cha kale ambacho sisi wenyewe hatujawahi kwenda kukiona? Ni nani awezaye kutueleza habari zake?

3. Yule mama akituuliza leo, «Mtapikia nini?», tutamjibu nini?